Tungoje Chura

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuwatafutia vyura mende. Kwa miaka mingi, nikiulizwa, nilijibu kwamba nafanya kazi maabara, na watu wakanisogezea nafasi kwenye benchi la kanisa wakidhani kutwa nzima nachungulia hadubini. Hadubini ilikuwa ya fundi. Mende walikuwa wangu.

Ulikuwa mwaka 1967. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ulikuwa mwaka wa tatu tangu mimi na mama tuvuke mpaka kutoka upande wa Butembo, tukikimbia vita, tukafikia Bwera, upande wa Uganda, kwa mjomba. Mama alianza kuuza vitenge sokoni. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista kule Kongo, nikapata Kifaransa cha kutosha kusoma maandishi ya kwenye chupa za dawa, na hicho ndicho kilichonipatia kazi Kasese, katika zahanati moja ambayo leo haipo tena. Mahali pake wanauza mabati na saruji.

Fundi wa maabara alikuwa Mganda, Mwislamu, mtu mrefu wa umri wa baba yangu. Ndugu zake wote walikuwa watu wa malori, wanaopiga kelele kutoka dirishani. Yeye peke yake alipenda vitu vidogo na sauti ndogo. Siku ya kwanza alinitazama kutoka viatu hadi kilemba.

"Mamzeli," alisema, kwa kuwa alikuwa amesikia natoka Kongo, ambako msichana huitwa hivyo kwa Kifaransa, na jina hilo halikunibanduka tena. "Unaogopa chura?"

"Siogopi," nilidanganya.

"Vizuri. Na wao hawakuogopi. Tuanze."

Nyuma ya maabara, chini ya paa la nyasi, palikuwa na vyungu kumi na viwili, kila kimoja kimefunikwa wavu wa waya na kuandikwa nambari kwa chaki. Ndani ya kila chungu aliketi chura dume, wa rangi ya udongo, mnene, amenyamaza kama mzee anayengoja kesi yake iitwe.

Siku hizo hapakuwa na kile kijiti cha kununua dukani, ukakikojolea chooni ukapata mistari yako. Mwanamke akitaka kujua kama ana mimba kabla tumbo halijasema, au daktari akiwa na shaka, ulikuja mkojo wa asubuhi ndani ya chupa. Fundi aliuchuja, akauvuta kwa bomba la sindano, akamdunga chura chini ya ngozi ya mgongo. Kisha tulingoja saa mbili au tatu. Kama mwanamke ana mimba, kitu kilichomo mkojoni mwake humwamsha chura yule dume, akatoa mbegu zake ijapokuwa hakuna jike karibu. Fundi alichukua tone kwa mrija wa kioo na kulitazama kwenye hadubini. Akiona mbegu zinaogelea, mimba ipo. Asipoona kitu, haipo, au bado ni changa mno. Kwa uhakika, kila mkojo ulidungwa vyura wawili, na kila chura aliyefanya kazi alipumzika wiki tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na daftari liliishika: nambari ya chungu, siku, jibu.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Bwera nikamweleza mama haya yote, nikiiruka kwa aibu sehemu ya mbegu. Mama alikuwa anakunja vitenge. Aliacha kukunja.

"Chura njo inajua kama mutu iko na mimba?"

"Ndiyo, mama."

"Chura ya muke?"

"Hapana. Ya kiume."

Mama alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyempeleka mtoto shuleni akarudishiwa mwingine. "Mwana wangu, tangu lini mwanaume anajua mambo ya mimba mbele ya mwanamuke?"

Jioni hiyo alinitengea beseni langu la kunawia, akanionya nisiwaambie majirani ninachofanya Kasese, maana batu watasema mwana wake amekuwa mulozi, mchawi wa vyura.

Vyura tuliwakamata wenyewe, asubuhi na mapema, kwenye majimaji upande wa Muhokya, kabla jua halijawarudisha chini ya mawe. Shida ilikuwa kumtambua dume. Fundi alinifundisha: mshike kwa nyuma, mfinye kiunoni taratibu. Jike hukaa kimya. Dume hulalamika, krrr, krrr, mpaka umwachie.

"Umeona?" fundi alisema akiwa na mmoja mkononi anayelalamika kweli kweli. "Na nyumbani kwangu ni hivyo hivyo. Mke wangu amebeba maji, kuni na mtoto, kimya. Mimi nikishikwa kiuno kidogo tu, mtaa mzima unasikia."

Watu hawakutuamini haraka. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa, mtu mwenye tumbo na saa ya dhahabu, alileta chupa akasema ni ya mke wake. Tukawadunga vyura wawili, tukangoja, hakuna kitu. Fundi alimpa karatasi. Yule bwana akapiga makofi kwa furaha, akawaambia wote waliokuwa kwenye benchi kwamba ametunasa: mke wake yuko mwezi wa saba, na mkojo ule ulikuwa wake yeye mwenyewe.

Fundi aliisoma tena karatasi, polepole, kwa heshima zote. "Basi hongera, bwana," alisema. "Huna mimba."

Benchi zima lilicheka. Lakini mimi nilikuwa nimewashika wale wawili wakati wa kudungwa, na nilihisi miguu yao ikisukuma kiganja changu. Hawa wamechomwa sindano kwa ajili ya mzaha wa mtu mwenye saa ya dhahabu. Nilimwambia fundi hivyo wakati wa kuosha vyombo. Hakunicheka. Alisema, "Ni kweli. Huyo tungemfinya kiuno yeye," akaenda kuswali.

Mwaka wangu wa pili akafa chura wa chungu cha saba. Mkojo ulitoka kwa mwanamke aliyekuwa amemeza kwinini nyingi za malaria, na hakuna aliyetuambia. Chura alitetemeka, akajinyoosha, basi. Fundi aliandika kwenye daftari: hakuna jibu. Mimi nilimchukua nikamzika nyuma ya choo, nikapiga ishara ya msalaba bila kufikiri. Nilipogeuka fundi alikuwa amesimama pale na birika lake la kutawadhia.

"Umemzika Kikatoliki," alisema. "Ulimuuliza dini yake?"

Nilianza kulia, na yeye, ambaye hakujua kabisa la kufanya na msichana anayelia, akaweka birika chini.

"Chura hakuulizwa," nilisema. "Wala dini, wala kitu chochote. Mwanamke anakuja kwa miguu yake. Yeye tunamtoa majini."

"Hakuulizwa," alikubali. "Lakini nikuambie nilichokiona kabla hatujawa na vyura hawa. Nimeona mama akipasuliwa kwa uvimbe, kumbe ni mtoto. Sindano kwa chura, au kisu kwa mama. Mimi nimechagua. Usiku nalala." Akafikiri kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli. "Karibu kila usiku."

Ningesikiliza vizuri maneno yake juu ya kisu, yaliyofuata yasingetokea. Lakini nilikuwa kijana, na huruma yangu ilikuwa mpya na inang'aa, na mwenye kitu kipya hutaka kukitumia. Nilianza kuiba. Sikuiba dawa wala sabuni. Niliiba sindano zisiwafikie vyura. Fundi alikuwa ameshaniruhusu kudunga mwenyewe siku za kazi nyingi, naye akitazama hadubini tu. Nikaona kwamba nikimdunga chura mmoja badala ya wawili, hakuna anayejua. Nikaona pia kwamba wale wa vyungu vya mwanzo walikuwa wazee na wamechoka, hawashtuki tena, kwa hiyo niliwatumia hao mara nyingi zaidi ili wale vijana wapone na kunenepa. Kwenye daftari niliandika vizuri, kwa mwandiko wa masista, mambo ambayo hayakutokea. Jumapili nilipokea komunyo nikiwa na amani kabisa.

Mwanamke yule alikuwa mchuuzi wa samaki sokoni Kasese, mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, mpana, mwenye kicheko kilichosikika hadi kwenye maegesho ya magari. Miezi mitatu hakuwa ameona siku zake, na tumbo lilimuuma upande mmoja. Daktari wetu alikuwa kijana mgeni aliyetoka mbali, mwenye kuamini karatasi. Alihisi uvimbe. Akaagiza kipimo.

Nilimdunga chura mmoja, wa chungu cha pili. Alikuwa amefanya kazi siku sita nyuma. Fundi akatazama: hakuna kitu. Jibu likaenda kwa daktari: hana mimba. Daktari akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa Fort Portal, apigwe picha, kisha apasuliwe. Gari lilikuwa la Jumatatu.

Mchana huo huo, Ijumaa, fundi aliniita. Daftari lilikuwa wazi mbele yake na kidole chake kimekaa kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika chungu cha pili na cha tisa."

"Ndiyo, mzee."

"Cha tisa kilikuwa na chura aliyevunjika mguu. Nilimtoa mwenyewe Jumanne, nikamrudisha majini. Ulidunga chungu kitupu?"

Nilikitazama kile kidole chake.

"Mamzeli. Ulidunga wangapi?"

"Mmoja."

"Na huyo wa chungu cha pili, kabla ya hapo alidungwa lini?"

"Jumamosi iliyopita."

Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile, na hata sasa sina hakika kama nilimwona. Alivua koti lake jeupe, akalitundika, akalivaa tena. Kisha akasema kwa sauti ile ile ndogo kwamba niende sokoni sasa hivi, nimtafute mama yule, nimwambie kwa mdomo wangu nilichofanya, nirudi na mkojo.

Nilimkuta nyuma ya meza yake akipara samaki. Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu chura mmoja badala ya wawili, kuhusu uchovu wa chungu cha pili, na kwamba niliwaonea huruma. Nilingoja anipige na samaki. Wanawake wa meza za pembeni walikuwa wameacha kuuza.

"Wewe mutoto," alisema mwishowe, "mimi niko na watoto saba. Hii ya nane nilijua siku ya kwanza. Nikinusa samaki yangu mwenyewe nataka kutapika, miaka ishirini nauza samaki! Niliambia daktari. Nilisema, daktari, iko mimba, na huku upande inauma."

"Akasema nini?"

"Alisema, tungoje chura."

Hapo ndipo soko likalipuka kwa kicheko, na yeye mwenyewe akicheka kuliko wote, kisu mkononi, magamba ya samaki yakimetameta kwenye mikono. Lakini alipomaliza kucheka aliniuliza, kwa kunong'ona sasa, "Huko Fort Portal wangenipasua kweli?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini juu ya sanduku.

Tulidunga vyura wawili, vijana, waliopumzika. Fundi aliniamuru nitazame hadubini mwenyewe, mara yangu ya kwanza. Niliona mbegu zikikimbia huku na huku kwenye duara la mwanga kama watu wa soko siku ya mvua. Daktari aliichana barua. Kumbe maumivu ya upande yalikuwa ya figo, yakatibiwa kwa dawa. Mtoto alizaliwa, msichana, na mama yule alinipigia kelele kila nilipopita sokoni, "Huruma! Huruma anapita!" mpaka wengine wakadhani ndilo jina langu.

Fundi hakunifukuza. Alinikalisha chini na kunisomea daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, nikisema ukweli wa kila mstari, na yeye akisahihisha kwa wino mwekundu. Ilichukua siku tatu. Wanawake wawili tulirudia kuwapima. Mwishoni nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nalihifadhi.

"Mzee, mama wa samaki hakuulizwa. Kama vile chura."

Alifunga daftari. Kuanzia siku hiyo, kabla ya kudunga, alitoka nje kwenye benchi na kumwuliza kila mwanamke, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Alikuwa na aibu kweli kuuliza wanawake maswali hayo, aliuliza akiutazama ukuta, lakini aliuliza, na jibu lao likapata safu yake kwenye daftari. Mara nyingi wanawake na vyura walikubaliana. Baada ya miezi michache tukaanza kudunga vyura wachache zaidi, kwa kuwa palipokuwa hakuna shaka, hapakuwa na haja ya shahidi.

Kisha yakaja maboksi. Nadhani ilikuwa 1972. Boksi dogo kutoka Ulaya, lenye vichupa na mirija; ukichanganya tone la hiki na tone la kile na mkojo, ukingoja, chini ya mrija panaonekana duara, mimba ipo, au hapaonekani kitu, haipo. Vyura basi. Nilifurahi kama mtu aliyeachiwa kutoka gerezani pamoja na ndugu zake. Fundi hakufurahi wala hakuhuzunika. Alinipa karatasi ya maelezo iliyokuwa kwa Kifaransa.

"Soma hapa. Ndani ya kichupa hiki mna nini?"

Nilisoma. "Damu. Chembe za damu ya kondoo."

"Na hiki?"

Nilisoma mara mbili, nikitumaini Kifaransa changu kimepata kutu. "Maji ya damu ya sungura. Sungura hudungwa kwanza, kisha damu yake inatolewa."

"Sungura wangapi?"

"Hawasemi."

"Hawasemi," alirudia. "Na huyo sungura yuko Ulaya, hutamzika wewe. Haya, roho yako imetulia?"

Nilisema kwamba imetulia kidogo. Alicheka, na tukaenda pamoja Muhokya na ndoo, tukawarudisha wale wote majini. Nilitarajia waruke wakashukuru. Walikaa pale tulipowaweka, wakatutazama kwa macho yao ya dhahabu yasiyosema kitu, na mmoja akaanza kula.

Amani ile haikukaa. Serikali ilibadilika tabia, maduka yakafungwa, sukari ikapotea, ikafuata sabuni, ikafuata chumvi, na siku moja ya mwaka 1975 nikafungua kabati nikakuta boksi la mwisho limeharibika kwa joto. Hakuna aliyejua lini litakuja jingine. Fundi, ambaye sasa alikuwa na mvi, alichukua ile ndoo bila kusema neno.

Tulikuwa tunarudi kutoka Muhokya, tumekaa mbele katika lori la mmoja wa ndugu zake, ndoo katikati ya magoti yangu, imefunikwa gunia. Askari walikuwa wameweka magogo barabarani. Mmoja akaja na bunduki mpaka dirishani.

"Shuka! Wote! Nini iko ndani ya ndoo?"

Dereva, ndugu wa damu wa fundi, alisema haraka, "Ndoo hiyo mimi siijui, afande. Sijaiona."

"Wewe mama. Nini?"

"Chura, afande."

"Nini?"

"Chura. Kumi na nne."

Alisukuma gunia kwa mdomo wa bunduki. Chura mmoja akalalamika. Askari akarudi nyuma hatua mbili, nasi tukajifanya hatukuona.

"Ya kula?"

"Hapana, afande," alisema fundi. "Ya zahanati. Inapima mimba."

Nilimwona askari akitafuta pale mahali ambapo tunamcheka, na asipaone, maana uso wa fundi ulikuwa mtupu kama sahani. Akatuamuru tukae chini, akamwita mkubwa wake, mtu wa makamo mwenye mistari begani. Huyu alisikiliza habari yote, akawaambia wengine watoe magogo, kisha akamshika fundi mkono na kumpeleka kando. Niliwaona wanazungumza wameipa barabara mgongo. Waliporudi, yule afande mkubwa hakututazama.

Njiani fundi aliniambia. Mke wa yule mkubwa alikuwa hajapata mtoto kwa miaka minne, na mwezi huu amechelewa siku kumi na tano. Angekuja Jumatatu.

Alikuja, mwanamke mchanga, mpole, mwenye viatu vizuri. Fundi akamwuliza, akiutazama ukuta, yeye mwenyewe anaonaje. Alisema, "Mimi nafikiri hapana. Lakini yeye anataka sana." Tukadunga wawili. Hakuna kitu. Fundi alifuta kioo cha hadubini, akatazama tena.

"Tuwadunge wengine wawili," alisema.

"Sheria ni wawili, mzee."

"Najua sheria. Mimi ndiye niliyeiandika."

Nikawaleta. Tukawadunga. Tukangoja saa tatu nyingine, tukisikia kila gari linalopita. Hakuna kitu. Siku ile hatukuwadunga wale wawili wa pili kwa ajili ya ukweli, maana ukweli tulikuwa nao tayari. Tuliwadunga kwa sababu tuliogopa. Tangu siku hiyo nimemsamehe yule mwenye saa ya dhahabu, kwa sababu nilikuja kufanya kama yeye, tena bila kicheko.

Afande alikuja jioni, jua bado halijazama. Fundi alimpa karatasi. Aliisoma, akaikunja mara nne.

"Mulitumia chura ngapi?"

"Nne, afande."

"Na yote nne imesema hapana."

"Yote, afande."

Alizunguka mpaka nyuma, kwenye vyungu. Tulimfuata kwa mbali. Aliinama akatazama ndani ya kimoja, mikono mgongoni, kama anakagua gwaride. Nilifikiri atavipiga teke. Badala yake alisema, hakuwa anatuambia sisi hasa, "Hapa mujini hii chura peke yake haiogopi mimi." Akavaa kofia akaondoka. Baadaye tulisikia amehamishwa kaskazini. Kama walipata mtoto, sikujua.

Mimi nilikuwa nimeolewa wakati huo, na mwalimu wa shule ya Kitswamba, mtu wa mzaha aliyeapa kwamba alinioa ili apime mikojo bure. Mwaka 1976 nikapata dalili. Kila asubuhi harufu ya spiriti ya maabara ilinitoa mbio. Fundi aliniona, akachukua bomba la sindano kimya kimya.

"Hapana, mzee," nilisema. "Najua. Simhitaji chura."

Nilidhani atanisifu. Aliumia kidogo, kama mpishi aliyekataliwa chakula. "Sawa," alisema. "Kwenye safu ya mwanamke naandika 'anajua'. Ile ya chura itabaki wazi."

Nilijivuna kwa msimamo wangu wiki tano. Nilimwambia mume wangu, nikamwambia mama huko Bwera, hata mama wa samaki nilimwambia, kwamba hakuna kiumbe aliyeteseka kwa ajili ya mtoto wangu. Kisha Jumatano moja, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mafuta ya taa, nikaona damu. Si nyingi. Nililala siku mbili na miguu juu ya mto kama mkunga alivyoniagiza, damu ikakoma, na nikabaki sijui kama mtoto bado yupo. Mwili wangu, niliouamini sana, ulinyamaza kabisa. Kichefuchefu kilikuwa kimeondoka. Niliulizwa naonaje na mume wangu, na mkunga, na mama aliyekuja mbio kwa gari la kwanza, na kila mara nilijibu, "Sijui."

Siku ya tatu nilimkabidhi mama chupa, nikamwambia aipeleke maabara. Mama hakusema kitu. Aliifunga kwenye kitenge kipya kabisa, ambacho angeweza kukiuza, akaenda nayo kwa miguu, yeye aliyenitengea beseni. Baadaye fundi aliniambia kwamba alikataa kukaa kwenye benchi. Alikwenda nyuma kwenye vyungu, akasimama pale saa zote tatu na rozari mkononi, akiwaambia vyura wale wawili kwa Kiswahili cha Butembo kwamba bajikaze, maana huyu mwana wake iko naye moja tu.

Mama aliporudi nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anakuja akiimba.